Hiari Gani Hii, Komredi?

Kila mwaka wanafunzi wa uhandisi wa mitambo wanaokaribia kumaliza chuo hupewa orodha ya yuniti za kuchagua, na kila mwaka orodha hiyo huwadanganya. Ukiisoma utadhani umeketi hotelini Westlands: tribolojia, mekatroniki, uhandisi wa magari, majokofu na viyoyozi, mitambo ya kuzalisha umeme, mitetemo, usimamizi wa viwanda. Mate yanakutoka. Kisha unaitisha, na unajibiwa kama uko kibandaski saa tisa alasiri: zimebaki chapati na ndengu.

Katika idara niliyosomea, yuniti kumi na moja ziliandikwa na tatu zikafundishwa. Mhadhiri wa tribolojia alikuwa ameenda ng'ambo kusomea uzamifu na hakuna aliyejua atarudi lini. Vifaa vya mekatroniki vilikuwa stoo, bado ndani ya maboksi, vikingoja sahihi ya mtu fulani. Ya magari iliombwa na watu wanne tu, na tukaambiwa wanne hawatoshi kulipia mhadhiri wa muda. Lakini majina yote kumi na moja yangali kwenye mwongozo wa kozi, ule ambao wazazi huusoma kabla ya kuuza ng'ombe walipe karo.

Wahadhiri siwalaumu sana. Mtu anayebeba yuniti tano na kusimamia miradi ya wanafunzi ishirini, mshahara wenyewe ukija kwa mafungu, huwezi kumwambia azue ya sita. Namlaumu anayeiacha orodha ikae pale muhula baada ya muhula kama bango la duka lililofungwa. Kama yuniti haifundishwi, ifutwe. Ni wino tu.

Hiyo ni nusu ya uongo. Nusu nyingine ni yetu, na hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu hatuwezi kumsingizia waziri.

Miaka mitano unapangiwa kila kitu. Hisabati ya kwanza hadi ya nne, mekanika ya viowevu, thamodinamiki, michoro, nguvu za metali. Hakuna anayekuuliza unapenda nini, na ni sawa, huwezi kujenga boila kwa kupenda. Halafu mara moja, mwishoni, mfumo unakugeukia na kukuuliza: wewe je, unataka kuwa mhandisi wa nini? Na sisi tunajibu vipi? Tunajibu kwa kura ya WhatsApp saa nne usiku, klasrep ameandika, "Wasee, tumalize hii kitu." Maswali yanayoulizwa humo ni matatu. Nani anafundisha? Anatoa A? Kuna mitihani ya miaka ya nyuma? Yuniti yenye mitihani ya miaka kumi mfululizo huishinda yuniti yenye maabara, tena kwa kura nyingi kuliko za mbunge yeyote.

Utaniambia alama ni muhimu. Sikatai. Najua kuna kampuni zinazochuja barua kwa kuangalia daraja pekee, na najua ufadhili wa uzamili hauendi kwa mwenye kusuasua. Lakini wewe ni mhandisi, hebu piga hesabu. Chukua shahada ya yuniti 60, tatu kati yake za kuchagua. Tuseme zile rahisi zitakupa alama 10 zaidi kila moja kuliko zile ngumu. Hizo ni alama 30. Gawanya kwa 60. Umepata nusu alama. Hata chuo chenu kikiupa mwaka wa tano uzito maradufu, bado haifiki alama moja. Hesabu hiyo inamfaa mtu mmoja tu darasani, yule aliye kwenye 69.5 na anaitafuta 70 ya daraja la kwanza. Wengine wote wameuza nafasi yao ya pekee ya kuchagua, na bei yenyewe haifiki hata nauli.

Na walichouza ni nini?

Anza na chai, kwa sababu kila mtu nchini ameinywa na wachache sana wameona inavyotengenezwa. Jani likifika kiwandani lina maji karibu robo tatu ya uzito wake au zaidi. Linatandazwa kwenye vitanda virefu, feni kubwa zinapuliza hewa chini yake saa kumi na mbili au zaidi. Kisha linapita kwenye rola zenye meno, za kukata, kurarua na kukunja. Linaachwa ligeuke rangi, halafu linaingia kwenye kikaushio cha hewa moto hadi maji yabaki kama asilimia 3. Joto la kukaushia linatoka kwenye boila, na viwanda vyetu vingi vya chai huchoma kuni. Kuni mbichi ni hasara mara mbili: umelipia maji kwa bei ya kuni, kisha unalipia moto wa kuyachemsha maji hayo kabla boila haijapata chochote. Meno ya rola yakiwa butu, jani linapondeka badala ya kukatika. Beringi ya feni ikianza kupiga kelele usiku, kuna fundi mzee anayeitambua kwa sikio, na siku akistaafu, sikio hilo linaenda naye nyumbani.

Hapo kuna yuniti tatu za kuchagua zimekaa kwa mstari: uhamishaji wa joto wa juu, mitetemo, na matengenezo ya mitambo. Kila kilo ya kuni inayookolewa ni pesa inayobaki kwa mkulima wa Nyeri, Kericho au Kisii. Lakini sisi yuniti ya matengenezo tuliiita "ya mafundi." Mhandisi mzima, niende kupaka grisi? Nimemsikia mtu akisema hivyo bila aibu, na mamake ana vichaka vya chai.

Sasa njoo barabarani. Bodi za mabasi na matatu zetu nyingi hujengwa hapa hapa Kenya, juu ya chesi ya lori. Kuna kiwango cha KS 372 kinachoeleza bodi ya gari la abiria ijengwe namna gani. Gereji inakata paipu za mraba, inazichomelea, inafunika kwa mabati, kisha ndio yanakuja mambo tunayoyapenda: rangi, graffiti, taa, muziki wa kutetemesha meno. Hakuna anayepiga selfie na mhimili wa paa. Ila kila mahali palipochomelewa ni mahali ufa unaweza kuanzia, kwa sababu moto wa kuchomelea hubadilisha chuma kilicho kando yake, na kila tuta na kila shimo hukivuta na kukisukuma chuma hicho maelfu ya mara. Metali huchoka. Siku basi likibingirika, swali ni kama nguzo za paa zitasimama au zitakunjika juu ya vichwa vya watu.

Mwanafunzi aliyesoma mbinu ya elementi finiti anaweza kuuchora mkongojo huo wote kwenye laptop, aubingirishe kwenye skrini, na aone nguzo ipi inakunjika kwanza. Programu za bure zipo. Gereji ziko, nyingine hazizidi nusu saa kutoka lango la chuo. Na sisi katika yuniti hiyo tulichanganua nini? Kipande cha bati chenye tundu katikati. Bati lile lile, tundu lile lile, lililochanganuliwa na waliotutangulia na waliowatangulia, kwa sababu majibu yake yapo. Ni mfano mzuri wa kuanzia, sibishi. Wiki mbili zinautosha. Sisi tulikaa nalo muhula mzima.

Friji nayo. Mtaani kwenu kuna fundi wa friji, na akifungua mfumo wenye gesi ya zamani, mara nyingi anaiachia hewani tu. Fsss, imeenda. Kilo moja ya R-134a, kwa hesabu ya miaka mia moja, hupasha dunia joto kuliko kilo elfu moja za kaboni dayoksaidi. Mwaka wa 2016 mataifa yalikutana hapa jirani, Kigali, yakakubaliana kupunguza gesi za aina hiyo. Friji nyingi mpya za nyumbani zinatumia R-600a, ambayo haina madhara hayo kwa hewa lakini inawaka moto kama gesi ya kupikia. Sasa mfikirie fundi yule yule, na mwale wake wa kulehemu, kwenye kibanda cha mabati, akidhani friji ni friji. Nani amfundishe? Ilipaswa kuwa mtu aliyechagua majokofu na viyoyozi. Namjua mmoja. Anaweza kukuchorea mzunguko wote wa ubaridi kwenye chati ya shinikizo na enthalpi, mishale ikielekea sawasawa, na alipata A. Hajawahi kushika geji ya gesi mkononi. Kompresa aliiona kwenye slaidi.

Kuna wanaojitetea kwa upande mwingine: wao hawafuati A, wao wanafuata ndoto. Hawa huchagua jina. Yuniti ikiwa na neno "anga" au "roboti" wanajaa hadi dirishani. Sina ugomvi na roboti. Nina ugomvi na roboti isiyo na hata mota moja mezani, inayofundishwa kwa ubao mweupe mpaka mtihani. Kama idara yenu ina vifaa na mtu anayevijua, nenda, tena mbio. Kama haina, unachosoma ni riwaya, na riwaya zipo nzuri zaidi kwenye gazeti hili.

Halafu kuna yuniti inayodharauliwa na pande zote mbili, usimamizi wa viwanda, ile ya kulala. Hiyo inanichekesha, kwa sababu tunapenda sana kusimulia habari za gari la Nyayo. Rais Moi aliomba mwaka wa 1986, Chuo Kikuu cha Nairobi kikaunda magari matano ya mfano, yakakimbia hadi kilomita 120 kwa saa. Likabaki utani wa taifa. Lakini angalia lilipokwama. Magari yaliundwa na yakaenda. Kilichokosekana ni kiwanda cha kuyatoa kwa wingi na pesa za kukiendesha. Gharama ya kila kipande, nani atakileta, mashine gani inunuliwe kwanza, magari mangapi yauzwe kabla ya faida: hayo ndiyo yanayofundishwa katika ile yuniti ambayo nusu ya darasa hutiana sahihi za mahudhurio na kurudi hosteli.

Najua jibu litakalokuja. Ati haya yote utayajifunza kazini. Kazi gani? Wenzangu wengi wanakanyaga lami Industrial Area na bahasha ya kaki, na swali wanalokutana nalo likiwa na adabu ni, "Umewahi kushughulika na mtambo gani?" Si daraja gani. Mtambo gani. Aliyejenga kikaushio kidogo cha mboga kwenye mradi wa yuniti ya nishati ana la kusema kwa dakika kumi. Wa kura ya WhatsApp anaanza kueleza kwamba yeye hujifunza haraka.

Kwa hivyo, mambo machache, na hayahitaji bajeti mpya. Orodha itoke na jina la anayefundisha na jina la maabara itakayotumika kando ya kila yuniti, na isiyo na vyote viwili isitoke. Itoke kabla ya likizo ndefu ya atachimenti, si wiki ya pili ya muhula. Mtu aliyekaa miezi mitatu Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umekuwa ukizungusha turbini tangu 1981, amejionea silika ikigandia ndani ya mabomba kama utandu wa sufuria ya ugali. Huyo hahitaji kura ya mtu kumwambia achague mitambo ya umeme. Sasa hivi tunachagua kwanza, kisha tunaenda kuona, au tunaona na hakuna anayetuuliza tuliona nini.

Wanne walioomba uhandisi wa magari wasifukuzwe. Wapelekwe idara ya uhandisi wa kilimo, wakae na wenzao wa matrekta, yuniti ihesabiwe. Mafundi wa Kamukunji na Gikomba waalikwe kwa siku mbili za muhula, walipwe kama mhadhiri wa muda anavyolipwa, na wasiitwe "wageni." Kura ya darasa nzima ipigwe marufuku, kila mtu ajaze fomu yake, ya peke yake, hata kama mwishowe zitafundishwa tatu. Angalau idara itakuwa na karatasi inayoonyesha watu sitini walitaka nini, na mkuu wa idara ataibeba karatasi hiyo akienda kuomba mhadhiri. Kwetu hakuwa na karatasi yoyote. Alikuwa na ujumbe wa klasrep: "Daktari, darasa limekubaliana."