Nawa uso! Sawa, lakini bomba liko wapi?

Najua dakika zako hapo kwenye kompyuta zinahesabika, kwa hiyo sizunguki.

Zahanati ya kule nilikokulia ilikuwa na bango kubwa ukutani. Mtoto anacheka, mikono imejaa povu, na maandishi: nawa mikono kwa sabuni. Chini ya bango palikuwa na karo, na bomba la lile karo sikuwahi kuliona likitoa maji hata siku moja. Yaani kila wiki tulikuwa tunafundishwa usafi na ukuta mkavu, na ukiugua tumbo unaambiwa hukunawa.

Bango lile limenirudia kichwani baada ya kusoma habari za Waaborijini wa Australia, hasa wale wanaoishi jangwani, mamia ya kilomita kutoka hospitali kubwa. Mimi sio daktari. Ila kisa chao kinatuhusu zaidi ya tunavyodhani.

Hebu tuanze na ugonjwa wa trakoma, ambao wengi wetu tunauita vikope. Mtoto anaambukizwa macho mara kwa mara, miaka inapita, kope zinakunjika kuelekea ndani na kukwaruza jicho, mwisho wake upofu. Ni ugonjwa wa umaskini. Sasa, kwa miongo mingi Australia ilikuwa nchi tajiri pekee duniani ambako ugonjwa huu bado umeota mizizi, na waliougua ni Waaborijini. Kati ya 1976 na 1978 daktari wa macho Fred Hollows alizunguka vijijini na timu yake kupima watu, kwa hiyo serikali haikuweza kusema haijui. Lakini miaka 30 baadaye, mwaka 2009, watoto 14 kati ya kila 100 waliopimwa kwenye jamii zilizo hatarini walikutwa bado wanao.

Inakuwaje? Jibu rahisi ambalo kila mtu analipenda ni hili: watu hawajui usafi, wapelekewe elimu. Basi mabango, vipeperushi, wataalamu wanakuja, wanahutubia, wanaondoka.

Lakini Waaborijini walikuwa wamechoka kuhutubiwa. Mwaka 1971 walifungua kliniki yao wenyewe pale Redfern, Sydney, inayoongozwa na wao. Mfano ukasambaa. Mwaka 1983 watu wa nchi ya Wapitjantjatjara, kaskazini mwa jimbo la South Australia, wakaanzisha Nganampa Health Council. Kiongozi wake mmoja alikuwa Yami Lester, mzee ambaye alipofuka angali kijana. Yeye mwenyewe alisema chanzo ni wingu jeusi lililopita kwao baada ya Waingereza kujaribu bomu la nyuklia mwaka 1953.

Katikati ya miaka ya 80 mzee huyu aliona jambo moja. Kliniki inatibu, watu wanapona, wanarudi nyumbani, wanaugua tena. Akawaita daktari Paul Torzillo, msanifu majengo Paul Pholeros na Stephan Rainow wa afya ya mazingira, akawapa kazi: tafuteni namna ya kuzuia watu wasiugue. Angalia hapo. Hakusema wafundisheni watu wangu.

Ripoti ikatoka 1987. Iliorodhesha mambo 9 ambayo nyumba inatakiwa imwezeshe mtu kufanya ili awe na afya. La kwanza ni kuoga, hasa watoto wadogo. Halafu wakaingia nyumba hadi nyumba wakiuliza swali la fundi: bafu linafanya kazi? Kazi ilipoenea nchini na maelfu ya nyumba kupimwa, walikuta nyumba 35 tu kati ya 100 ndizo zenye bafu linalofanya kazi. Hapo unamwambia mama amwogeshe mtoto wapi?

Eti wanaharibu wenyewe, ndivyo ilivyosemwa. Kumbe uharibifu wa wakazi haukufika hata asilimia 10 ya matatizo. Karibu asilimia 70 yalitokana na kukosa matengenezo ya kawaida, na yaliyobaki ni ujenzi mbovu tangu mwanzo. Mkandarasi kalipwa, kaondoka, lawama kabaki nazo mama mwenye nyumba.

Sheria yao ilinifurahisha: hakuna kupima bila kutengeneza. Timu inayokuja na fomu inakuja na vifaa pia, na wengi kwenye timu ni vijana wa palepale waliofundishwa kazi. Jimbo la New South Wales lilipopima matokeo ya miaka 10, 1998 hadi 2008, watu wa nyumba zilizotengenezwa walilazwa hospitali kwa magonjwa ya kuambukiza asilimia 40 pungufu kuliko Waaborijini wengine wa vijijini ambao hawakutengenezewa.

Sasa nisije nikaeleweka vibaya kwamba elimu haina maana. Ushahidi wa kinyume uko kwetu hapa, Kongwa, Dodoma. Utafiti uliotoka 1995 ulilinganisha vijiji 6, vyote vikapewa dawa ya macho. Vitatu vikaongezewa kampeni ya kuosha nyuso za watoto, iliyojengwa juu ya mikutano ya wananchi wenyewe. Kongwa maji ni shida, lakini walikaa, wakazungumza, wakaona uso wa mtoto unahitaji maji kidogo tu. Mwaka ulipoisha, vikope vikali vilikuwa vichache zaidi kwenye vijiji hivyo. Burundi nayo mwaka 2025 ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imeondoa ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii. Na huko Australia, dawa na kampeni ya nyuso safi vilipoongezwa kasi, ile 14 ya mwaka 2009 ilishuka hadi kama 4 kufikia 2012.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Elimu inafanya kazi pale wananchi wanapoiamua wenyewe, na pale kitu wanachoambiwa wafanye kinawezekana kufanyika. Ikikosekana hiyo, bango linakuwa njia ya bei nafuu ya kumhamishia maskini kosa la mtu mwingine. Fundi bomba analipwa kila mwezi. Bango unachapisha mara moja tu, unapiga picha, unaandika ripoti.

Safari ijayo ukiona mradi wa uhamasishaji umekuja mtaani kwenu na fulana na kofia, uliza maswali mawili. Nani aliamua tatizo letu ni hili? Na bomba likiharibika, nani analitengeneza?

Mnasemaje wadau? Kwenu kuna bango juu ya bomba kavu? Mwageni hapo chini, na mnaopinga pia karibuni, hoja hujibiwa kwa hoja.