Staa Kumpeleka Bi Mkubwa Makao ya Wazee: Wote Wameangalia Marumaru, Hakuna Aliyeuliza Kuhusu Usiku

Mwigizaji mmoja wa kike wa Bongo Movie, jina kapuni, amewasha moto mitandaoni baada ya kuposti video ya makao binafsi ya wazee alikompeleka bi mkubwa wake. Mama huyo anasumbuliwa na dimensia, ule ugonjwa unaokula kumbukumbu na uwezo wa kufikiri taratibu mpaka mtu anashindwa kujihudumia. Video yenyewe ni ya dakika moja na ushee. Geti jeusi, bustani ya maua, sebule yenye marumaru zinazong'aa mpaka unajiona sura, halafu mama mwenyewe kakaa kwenye kochi jipya, anaitazama simu kama mtu anayetafuta jina la kitu.

Ndani ya saa chache watu walishagawanyika. Wa kwanza walimtolea povu la maana: pesa ya mawigi ipo, ya kumtunza mama haipo? Mama aliyekubeba miezi tisa unamkabidhi kwa watu baki? Wa pili wakamkingia kifua: pazuri hapo, pasafi, kuna wazee wangapi wanaopata hata robo ya hayo? Kabla moto haujapoa, mchekeshaji mmoja naye akaingia laivu na kuapa kwamba mama yake hatoki nyumbani kwake ng'o. Akavuna makopakopa kama mvua.

Ukizipima hoja zote hizo, unakuta pande mbili zinazotukanana zimeangalia kitu kile kile. Wanaolaumu wameona geti, wanaosifu wameona marumaru. Swali lenye uzito halijaulizwa na yeyote: nyumba hiyo inamtunzaje mtu mwenye dimensia saa ambazo hakuna anayerekodi?

Hasira za watu zina sababu, tuwe wakweli. Vijana wengi wa mjini wanayajua makao ya wazee kupitia bethidei za mastaa. Staa anatua na magunia ya mchele, sabuni na mafuta ya kula, anapiga picha na bibi mmoja, kesho yake anarudi kula bata. Makao kama Nunge, pale Kigamboni, yanajulikana kuwa kimbilio la wazee wasio na wa kuwatunza. Kwa hiyo mama mwenye watoto, tena mmoja maarufu, akionekana sehemu ya aina hiyo, picha inayokuja kichwani ni ya kutelekezwa. Hata Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaiweka familia kuwa mlezi wa kwanza na makao kuwa hatua ya mwisho. Waliotoa povu hawakutunga jambo.

Ila hiyo "familia" ni nani hasa? Kwenye laivu ile ile mchekeshaji alisema, tena kwa sifa, kwamba dada yake ameacha genge lake ili akae na mama kutwa. Yeye wiki hii yuko Mwanza, wiki ijayo Dodoma, wikiendi ana shoo. Makopakopa kapata yeye, lakini anayebadilisha mashuka saa nane usiku ni dada mtu, na hakuna shabiki anayemjua hata jina. Kwenye nyumba nyingine kazi hiyo anaachiwa mke, au dada wa kazi ambaye aliajiriwa kupika na kufua na hajawahi kuelezwa kwa nini bibi anamwita mwizi kila jioni. Bibi anafungiwa chumbani mpaka watu warudi kazini. Huyo naye anahesabiwa kuwa yuko nyumbani.

Na hii ishu si ya Wazungu kama wengine wanavyodhani. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 kulikuwa na watu milioni 57 wenye dimensia duniani, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Huku kwetu mgonjwa anaitwa "mzee tu", au "amerudi utotoni". Kuna sehemu jina ni baya zaidi. Kanda ya Ziwa kwa Tanzania na Kilifi kwa Kenya, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na bibi anayezurura usiku akiongea peke yake ni mtu rahisi sana kusingiziwa.

Ndiyo maana hatua ya kwanza haihusu makao kabisa, inahusu daktari. Kuchanganyikiwa uzeeni si lazima kuwe dimensia. Upungufu wa vitamini B12, tezi la shingo lisilofanya kazi vizuri, maambukizi kwenye njia ya mkojo, sonona au mchanganyiko wa dawa vinaweza kumfanya mzee aonekane amepoteza akili, na vyote hivyo vina tiba. Familia inayotafuta makao kabla ya vipimo inaweza kumhamisha mtu ambaye alihitaji sindano na vidonge.

Tuchukulie vipimo vimefanyika, na nyumbani kumeshindikana kwelikweli. Turudi sasa kwenye zile marumaru. Kwa mtu mwenye dimensia sakafu inayong'aa inaweza kuonekana kama maji yamemwagika, na zulia jeusi katikati ya sebule linaweza kuonekana kama shimo. Anasita, anaruka, anaanguka. Na kwa mzee, kuvunjika nyonga ni safari ya hospitali ambayo wengi hawarudi wakiwa kama walivyokuwa. Kwa hiyo kile kilichosifiwa kuliko vyote kwenye video ndicho cha kutilia shaka. Mtu anayejua anachokagua angeenda moja kwa moja chooni. Kuna vyuma vya kushikilia? Sakafu inateleza ikilowa? Mlango una alama au picha ambayo mtu aliyesahau kusoma anaweza kuielewa?

Kisha linakuja suala la usiku. Wagonjwa wengi wa dimensia hubadilika jua likianza kuzama. Mama aliyekuwa mpole mchana anaanza kutafuta watoto wake "wanaorudi shule", anataka kwenda "nyumbani", anagonga mlango. Makao yoyote yanapendeza Jumamosi saa nne asubuhi, tena ukiwa umepiga simu kabla. Ya kweli yanaonekana saa kumi na mbili jioni, siku ya kazi, ukiwa umefika bila taarifa. Wahudumu wangapi wako zamu usiku, na kati yao wangapi wako macho? Mzee akitoka kitandani saa tisa, nani anajua? Uzio upo, lakini ndani yake kuna sehemu salama ya kutembea, au wanaozurura wanafungwa na kanga kwenye kiti? Meneja akijibu kwamba wazee wake "hawasumbui usiku", hapo maswali ndiyo yaanze.

Kuna utulivu wa aina mbili, na hili ni muhimu sana. Wazee kumi wakiwa wamelala vitini mbele ya runinga saa tano asubuhi, mgeni anasema pametulia. Inawezekana wamechoka. Inawezekana pia wamepewa dawa za kuwatuliza ili zamu iwe nyepesi. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa za kundi hilo, zile za magonjwa ya akili, zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimensia. Mara nyingine zinahitajika, daktari akipima faida na hasara. Ila familia ina haki ya kujua mama anapewa dawa gani, ameandikiwa na nani, na lini ataangaliwa tena kama bado anazihitaji.

Pua nayo ikague. Harufu ya mkojo kwenye kona moja ni ajali ya asubuhi, harufu iliyoingia mpaka kwenye makochi ni ya miezi. Na kama kila chumba kinanukia dawa ya kusafishia mpaka macho yanawasha, jiulize kinachofunikwa ni nini.

Sikiliza pia wanavyozungumza. Mhudumu anainama mpaka macho yake yanakutana na ya mzee, au anapiga kelele akiwa mlangoni? Anamwita Mama fulani, Bi fulani, kwa jina lake, au wote ni "wewe bibi"? Chagua mzee mmoja hapo na umuulize mhudumu alikuwa anafanya kazi gani ujanani. Akijua kwamba alikuwa mwalimu, kwamba alikuwa akiuza vitenge, kwamba hapendi kuguswa kichwa, basi kuna mtu hapo anatazamwa kama mtu. Mgonjwa wa dimensia anaweza kusahau jina la mwanawe na bado akajua kabisa kama anaheshimiwa au anadharauliwa.

Muda wa kula usikose kuwepo. Ugonjwa huu unamfanya mtu asahau kula, asahau kunywa maji, na baadaye apate shida hata kumeza. Sahani zinaweza kupangwa vizuri mezani, zikapigwa picha, kisha zikaondolewa zimejaa. Angalia kama kuna anayekaa kulisha kwa subira, kijiko kimoja baada ya kingine, na kama chakula ni kile mama alichozoea. Aliyekulia mtori na uji hatabadilika kwa sababu jikoni wameamua wote wale tambi.

Baada ya hapo ndiyo pesa, na hapa hata mastaa wanapigwa. Ada ya mwezi inajumuisha nini? Pampasi za watu wazima, dawa na usafiri wa hospitali vimo, au vinakuja kwenye bili ya pembeni? Mama akizidiwa usiku anapelekwa hospitali gani, na nani anapigiwa simu? Siku akishindwa kuinuka kitandani wataendelea naye, wakimgeuza mara kwa mara asipate vidonda, au watasema "mje mumchukue"? Yote haya yaandikwe kwenye mkataba. Na kabla ya kusaini, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri aulizwe kama makao hayo yanatambulika. Kuuliza hakugharimu kitu.

Lawama moja inamstahili huyo mwigizaji, na kwa bahati mbaya ndiyo haikusemwa sana. Mama yake hakuwa na uwezo wa kukubali au kukataa kurekodiwa. Mwanamke aliyeishi miaka yote hiyo akijitanda khanga yake vizuri kabla ya kufungua mlango ameoneshwa kwa maelfu ya watu akiwa hajui yuko wapi. Na makao yanayoruhusu simu zirekodi wazee sebuleni yanasema kitu kuhusu namna yanavyolinda siri za wote wanaoishi humo. Hilo lilikuwa swali la kumuuliza meneja, siyo fursa ya kuposti.

Kwa upande wa uamuzi wenyewe, hakuna aliye mtandaoni mwenye ushahidi wa kumhukumu. Huenda alizunguka sehemu tano, akakaa mpaka giza likaingia, akasoma mkataba mstari kwa mstari. Huenda pia alipenda bustani. Tofauti ya hao wawili ndiyo tofauti ya kutunza na kutupa, na kwenye video wanafanana kabisa. Wakosoaji wangemsaidia mama yule kwa kuuliza hilo, na mchekeshaji angemsaidia mama yake kwa kumlipa dada yake na kumtafutia wa kupokezana naye.

Halafu kuna kitu kinachoanza siku mzee anapohamia, ambacho hakina muonekano wa kuposti. Wiki za mwanzo ni ngumu, mama analia, anauliza atarudi lini, na ndugu wanaambiana wasiende sana "azoee". Hapo ndipo wengi wanapopotea. Familia inayojielewa inagawana zamu kwenye grupu la WhatsApp: kaka Jumanne jioni, mjukuu Alhamisi mchana, shangazi Jumapili baada ya ibada. Anayefika anaangalia kucha, uzito, midomo kama imekauka, nguo kama ni zake, na kama mama anashtuka mhudumu fulani akipita. Wahudumu popote pale wanajua mzee gani ana wageni na yupi hana. Mama ambaye mtoto wake anaweza kutokea mlangoni saa yoyote bila kupiga simu ndiye shuka lake linabadilishwa kwanza.