Nguvu na Wepesi wa Viungo Viende Pamoja

Wilaya ya Kasese ni nchi ya watu wa kazi. Mgeni anayeelekea kilele cha Margherita, chenye kimo cha mita 5,109, hawezi kufika mbali bila mchukuzi wa Kikonzo wa kumbebea mzigo. Ilikuwa hivyo mwaka 1906, Mkuu wa Abruzzi wa Italia alipokifikia kilele hicho kwa mara ya kwanza, na ni hivyo hata leo. Kule Katwe watu huchota chumvi ziwani. Kwenye miteremko ya Rwenzori wakulima hushuka na mizigo migongoni, mkanda ukipita kwenye paji la uso. Nako Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, magunia hupakiwa na kupakuliwa tangu asubuhi hata jioni.

Kwa hiyo haikutushangaza kwamba uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani, uliotolewa mwaka 2018, uliiweka Uganda mbele kabisa katika orodha ya nchi ambazo watu wake huushughulisha mwili. Katika kila watu wazima 100, hawakufika hata 6 waliohesabiwa kuwa wazembe. Hizo ni sifa, wala hatuna nia ya kuzipunguza. Lakini yafaa tujiulize: je, mwili unaochoka kila siku ndio mwili uliojengwa?

Jibu letu ni kwamba sivyo. Kazi huurudia mwendo ule ule. Mchukuzi huinama mbele, mlimaji huinama mbele, na dereva wa boda boda huketi saa nyingi amejikunja. Misuli inayotumika upande mmoja tu hukaza, ile isiyotumika hudhoofika, na aghalabu kiuno na magoti ndivyo vinavyolipa deni. Tena mazoezi huongeza uzito kidogo kidogo na kuupa mwili siku ya kupumzika, bali kazi huupima mzigo kwa haja ya mwenye mali, si kwa uwezo wa mgongo unaoubeba.

Wako vijana wetu, Kasese mjini na Bwera pia, ambao wameona haja ya kuujenga mwili. Hunyanyua vyuma, na asiye na vyuma hujaza saruji katika mikebe miwili na kuiunganisha kwa mpini. Twawapongeza. Hata hivyo, wengi wao hushughulikia kifua na mikono tu, wakaacha miguu, mgongo na tumbo, wala hawajinyooshi kabisa. Kijana wa namna hiyo huonekana shujaa mbele ya kioo, lakini mwambie achuchumae chini kabisa, visigino vikiwa vimekanyaga ardhi, utaona taabu yake.

Upande wa pili wako wanaofuata yoga peke yake, ile elimu ya kale ya Uhindi ya kujinyoosha, kusimama imara na kutawala pumzi, wakidhani kuwa imetosha. Nayo ni nusu ya njia. Misuli ya binadamu huanza kupungua polepole umri unapoendelea, na mifupa hupoteza ugumu wake. Vitu hivyo viwili hutaka uzito wa kushindana nao. Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883 na kufungwa kizuizini Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alilitambua jambo hilo. Katika mazoezi yaliyopewa jina lake, ambayo baadaye aliyafundisha New York, nguvu za kiuno na tumbo hufundishwa pamoja na wepesi wa viungo.

Wala hatuna haja ya kwenda ng'ambo kutafuta mfano. Marehemu John Akii-Bua, aliyekuwa askari polisi wa Uganda, alishinda mbio za kuruka viunzi za mita 400 mjini Munich mwaka 1972, kwa sekunde 47.82, akaweka rekodi ya dunia na kuiletea nchi yetu nishani yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki. Chini ya mwalimu wake, Malcolm Arnold, alifanya mazoezi akiwa amevaa fulana yenye uzito. Nguvu hiyo ilimfaa kwa sababu viungo vyake vilikuwa vyepesi: mrukaji mwenye nyonga ngumu hugonga kiunzi hata akiwa na miguu ya chuma.

Wapo wanaochelea kwamba yoga ni dini ya kigeni. Hofu yao twaiheshimu, kwa kuwa asili yake imefungamana na imani za Uhindi. Lakini kunyoosha mgongo na kuvuta pumzi kwa utulivu ni mambo ya mwili, na Mkristo au Mwislamu anaweza kuyafanya bila kuongeza neno lolote la ibada. Jijini Nairobi, tangu mwaka 2007, chama cha Africa Yoga Project kimefundisha vijana wa mitaa ya kawaida hata wakawa walimu.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 wamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku mbili kwa juma, licha ya kutembea au kukimbia. Wazee waliotimiza miaka 65 huongezewa mazoezi ya kujimudu wasianguke. Hayo hayahitaji jumba wala fedha. Jerikani ya lita 20 iliyojazwa maji nusu ina uzito wa kilo 10. Siku mbili kwa juma mtu achuchumae na kuinuka akiwa ameishika, apige pushapu, na ajishikilie kama ubao juu ya viwiko na vidole vya miguu. Siku nyingine ajinyooshe nyonga, mapaja, kifua na mgongo, kila mnyoosho kwa sekunde kama 30, bila kurukaruka.

Utaratibu nao una maana. Kabla ya kunyanyua, mwili upashwe moto kwa kutembea na kuzungusha viungo. Minyoosho mirefu ingoje hadi mwisho, kwani ikitangulia yaweza kupunguza nguvu kwa muda. Pumzi itolewe wakati wa kuinua, isizuiliwe, hasa kwa mwenye shinikizo la damu. Mja mzito na mwenye maumivu ya mgongo wamwone mganga kwanza.

Twatoa mwito kwa walimu wakuu wa Kasese wasikitoe mhanga kipindi cha michezo kwa ajili ya mitihani, kwani samaki mkunje angali mbichi. Wanaoandaa mbio za Rwenzori, zilizoanza mjini Kasese mwaka 2022, wawafundishe wakimbiaji mambo haya miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe. Zaidi ya wote, wanaoajiri wachukuzi mlimani na mpakani wawape nafasi ya kujinyoosha na mizigo yenye kiasi. Mgongo wa mchukuzi ndio shamba lake. Ukiharibika, watoto wake hulala njaa, na hakuna anayemlipa fidia.