Debe la Kahawa na Maziwa ya Mtoto

Msomaji, msimu wa kuchuma kahawa ukifika kila mkono unatakikana shambani. Katika Kiambu, Murang'a, Kirinyaga na Nyeri mavuno makubwa huwa yapata mwezi wa Oktoba mpaka Desemba, na kahawa iliyokwisha kuiva haimngoji mtu. Wachumaji wengi ni wanawake, na miongoni mwao wako wenye watoto wanaonyonya. Malipo yao ni kwa debe: ukijaza debe unaandikiwa, usipojaza huandikiwi. Basi nataka kuuliza swali moja. Mama huyo akiacha mti wake akaenda kumnyonyesha mtoto, saa ile hulipwa na nani? Kwa desturi yetu hulipa yeye mwenyewe kwa kukosa debe, au hulipa mtoto kwa kukosa maziwa. Mimi naona jambo hili si haki, na tena si hesabu nzuri kwa mwenye shamba wala kwa nchi.

Kwa miaka mingi mabwana shamba wamewafundisha watu kulea ndama. Kila mfugaji ajua ya kuwa ndama akizaliwa lazima apate dang'a katika saa za kwanza, maana asipopata huwa dhaifu na hufa upesi. Hakuna mfugaji mwenye akili ambaye humnyima ndama dang'a ili apate faida ya siku moja. Ajua ya kuwa faida yake iko mbele. Je, mtoto wa binadamu apewe uangalizi ulio chini ya huo?

Shauri la madaktari ni wazi, nalo ni shauri la Shirika la Afya Duniani na la Wizara yetu ya Afya pia. Mtoto aanze kunyonya katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa. Kwa miezi 6 apewe maziwa ya mama peke yake, bila uji, bila maziwa ya ng'ombe, wala maji. Baada ya hapo apewe chakula kingine, naye aendelee kunyonya mpaka afike miaka 2 au kupita. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2014, watoto 61 katika kila 100 walio chini ya miezi 6 walikuwa wakipewa maziwa ya mama tu. Mwaka 2022 walikuwa 60. Maana yake ni kwamba kwa miaka 8 hatukusonga mbele. Mama wengi wamekwisha kusikia mafundisho hayo kliniki. Siamini ya kuwa wote wanaoacha huacha kwa ujinga. Wengi huacha kwa sababu ya kazi.

Sheria haikumsahau mama. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 humpa likizo ya uzazi ya miezi 3 na mshahara kamili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 humtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea, na kumpa mama nafasi ya kunyonyesha au kukamua maziwa yake, mbali na wakati wa chakula. Nafasi hiyo huhesabiwa kuwa ni kazi yenye malipo, mradi isizidi saa 1 katika kila saa 8. Hii ni sheria njema. Lakini tazama: miezi 3 ni nusu tu ya ile 6, na mchumaji anayeitwa msimu huu na kuachwa msimu ujao mara nyingi haioni hata likizo hiyo. Na ile saa moja humfaa karani kama mimi ambaye mshahara wake ni wa mwezi. Nikiondoka mezani kwa saa moja mshahara haupungui. Mchumaji akiondoka, debe halijazi wenyewe.

Kwa hiyo tufanye hesabu, nayo si ngumu. Tuseme mama amefanya kazi saa 7 na kunyonyesha saa 1, na jioni amepimiwa madebe 3 na nusu. Kila saa amechuma nusu debe. Basi saa ile ya kunyonyesha aandikiwe nusu debe, jumla iwe madebe 4. Hayo ndiyo maana ya kusema saa hiyo ina malipo. Mwenye shamba atasema, “Nalipia kahawa ambayo sikuipata.” Ni kweli, lakini akumbuke ya kuwa mchumaji ambaye mtoto wake ni mgonjwa haji kazini kabisa, na siku ile atapoteza madebe yote 4.

Wako watu wasemao, “Dawa ni mama akae nyumbani.” Mimi sikubaliani nao. Fedha ya mama hununua mayai, sare ya shule na dawa, na nyumba nyingi hazina fedha nyingine. Wengine husema, “Basi anunue maziwa ya kopo.” Nao wafanye hesabu. Mtoto asiyenyonya kabisa hutaka yapata kilo 20 za unga huo kwa miezi 6, pamoja na kuni na maji safi ya kuchemsha kila mara. Chupa isiyooshwa vizuri huleta kuhara. Mchumaji akinunua makopo hayo, ataona ya kuwa amechuma kahawa ili amlipe mwenye duka.

Na yuko tena asemaye, “Mama zetu walichuma kahawa, nasi tulikua.” Ndiyo, lakini nyumbani alikuwako dada mkubwa wa kumbeba mtoto na kumleta shambani anyonye. Tangu elimu ya msingi ilipotolewa bila malipo mwaka 2003, dada huyo yuko darasani, na hapo ndipo mahali pake. Mimi nilisomea ualimu na singependa kumwona akirudishwa. Lakini yule aliyeifanya kazi hiyo ameondoka, na kazi yenyewe imebaki. Lazima tuigawe upya.

Haya ndiyo mashauri yangu, na mengi yake hayana gharama:

1. Jioni kiwandani, wanawake husimama safu ndefu wakingoja kupimiwa, na maziwa yanawajaa kifuani. Vyama vya ushirika viamue ya kuwa wanaonyonyesha wapimiwe kwanza.

2. Chama au mwenye shamba ajenge banda dogo safi, lenye kivuli, maji na sabuni, na wanawake wachague mwenzao wa kuwatunza watoto. Asiwekwe mtoto chini ya miti ya kahawa iliyopigwa dawa.

3. Baba ambaye hana kazi ya mshahara siku ile ampeleke mtoto kwa mama yake saa sita mchana. Kumbeba mtoto hakumwondolei mwanamume heshima.

4. Mama ambaye yuko mbali akamue maziwa kwa mikono safi, ayaweke katika chombo safi chenye kifuniko, mahali pa baridi. Bila friji yatumike kabla ya saa 4 kupita, na mtoto apewe kwa kikombe, si kwa chupa. Usiku anyonyeshe mara nyingi, maana titi linalonyonywa ndilo litoalo maziwa.

5. Mtoto akipita miezi 6, anayebaki naye asimpe uji wa maji maji. Uji wa kufaa hukaa juu ya kijiko, haumwagiki. Utiwe maziwa yaliyochemshwa, omena iliyosagwa au njugu zilizosagwa, na mtoto apewe pia yai, maharagwe yaliyopondwa, malenge na parachichi. Ale mara 2 au 3 kwa siku, na akifika miezi 9 mara 3 au 4. Chai asipewe, kwa kuwa huzuia mwili kupata madini ya chuma yanayoleta damu.

Na wewe mkulima mwenye ng'ombe, usiyauze maziwa yote kisha mtoto wako aliyepita miezi 6 akalala na chai ya rangi. Mwaka 2022 watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 katika Kenya walikuwa wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya malezi na chakula kisichotosha. Wengine wao wanakaa mashambani, mahali ambapo chakula kinalimwa.

Mambo haya hayamhusu mchumaji wa kahawa peke yake. Mchumaji wa majani ya chai katika Kericho hulipwa kwa kilo, na mke wa mkulima anayepalilia shamba la nyumba yake hapati hata senti, wala hakuna anayemhesabia saa. Huyo mwenye kumhesabia ni mume wake.

Wazee walisema, mchumia juani hulia kivulini. Mama anachuma juani kwa ajili ya nyumba nzima. Basi katika mkutano wa chama unaokuja, simama uulize: je, mtoto wake naye anakula? Na ukisikia jibu ni hapana, omba liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, pamoja na jina la atakayelitengeneza jambo hilo kabla ya mavuno.