Malezi ya watoto wadogo yafundishwe sekondari

Bamvua likifika na maji kutoka, pwani za Paje na Jambiani hujaa wanawake. Kilimo cha mwani kilianza huko mwaka 1989, na tangu hapo saa za nyumba nyingi za mashariki ya Unguja hufuata bahari. Mama anashuka na kamba na vigingi vyake, harudi mpaka maji yajae. Mtoto mdogo anabaki kwa bibi, kwa jirani, au kwa dada yake wa sekondari, siku ambazo hakuna skuli.

Dada huyo ni mlezi hasa. Anajua kupoza uji, kumfunga mtoto mgongoni kwa kanga na kumbembeleza mpaka alale. Lakini nani amemweleza kwamba mtoto wa miezi minane anaposema "ba-ba-ba" anangoja kujibiwa? Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard wanasema kwamba katika miaka ya mwanzo ubongo wa mtoto huunda miunganisho mipya zaidi ya milioni 1 kila sekunde, na kwamba kujibizana na mtu mzima ni miongoni mwa mambo yanayoijenga. Kumtazama mtoto usoni na kumrudishia sauti yake hakugharimu hata shilingi. Kunataka mtu anayejua kwa nini afanye hivyo.

Skulini, binti huyu hukutana na jambo hili kwa kupita tu. Baiolojia inagusia utunzaji wa mama na mtoto ndani ya mada ya uzazi, kisha darasa linasonga mbele. Sayansi kimu nayo imeelemea mapishi na ushoni. Hayo ni machache mno kwa kijana ambaye jioni hiyohiyo atakabidhiwa mtoto.

Isidhaniwe kuwa hoja hii ni ngeni Unguja. Skuli ya Serikali ya Wasichana ilipofunguliwa mwaka 1927, kazi za nyumbani na malezi zilikuwa sehemu ya mafunzo yake. Kasoro ilikuwa kumwona mtoto kama shughuli ya wanawake peke yao. Leo somo hili likirudi, wavulana wakae madawati ya mbele. Mwanamme asiyejua dalili za mtoto kupungukiwa maji mwilini ni hatari nyumbani kwake, hata awe na mapenzi kiasi gani.

Ujuzi wenyewe upo karibu. Mpango wa Madrasa, ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa juhudi za Bi Swafiya Said na Wakfu wa Aga Khan, ulifika Zanzibar mwaka 1990. Ulichukua wanawake wa mitaa na vijiji husika, ukawafundisha kusomesha watoto wadogo kwa vitu vinavyookotwa: vifuu vya nazi, makombe ya pwani, mbegu. Mtoto anayepanga vifuu kutoka kikubwa hadi kidogo ameshaanza hesabu, na mwalimu aliyefunzwa huliona hilo pale pale. Mwengine angesema anachafua sakafu.

Ushahidi wa mbali nao una uzito. Huko Kingston, Jamaica, miaka ya 1980, wahudumu wa afya wa kawaida walitembelea kila wiki, kwa miaka miwili, nyumba za watoto waliodumaa, wakiwaonesha mama zao namna ya kucheza na kuzungumza nao. Miaka 20 baadaye, watoto hao walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiotembelewa. Kazi ile haikufanywa na maprofesa.

Wapo watakaosema mitaala imeshajaa. Ni kweli. Lakini Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliifanya elimu ya maandalizi kuwa sehemu ya elimu ya lazima, na madarasa hayo yanahitaji walimu mwaka hadi mwaka. Watatoka wapi, kama kijana anamaliza kidato cha 4 bila kuambiwa kwamba kulea mtoto mdogo ni taaluma?

Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ianze na kidato cha 1: vipindi viwili kwa wiki, kwa wasichana na wavulana, na kipindi kimoja kati ya hivyo kifanyike ndani ya darasa la maandalizi lililo jirani, wanafunzi wakikaa mkekani pamoja na watoto.