Aliyeliwa Asijue Ameliwa: Lugha ya Michezo ya Mtandaoni

Juma lililopita mpwa wangu, mwenye umri wa miaka 11, aliazima simu yangu ili acheze na wenzake mtandaoni. Namba ya siri ya pesa anaijua, kwa kuwa ndiye humtumia bibi yake ninapokuwa na shughuli. Jioni nikakuta salio limepungua kwa shilingi 24,000. Nilipomwuliza, alinijibu bila hofu: "Mjomba, mimi sikutumia pesa. Nilinunua almasi tu, nikafungua masanduku."

Nilighadhibika, lakini nilipotulia niliona kwamba mtoto hakusema uongo. Ndani ya mchezo ule shilingi hugeuzwa almasi, almasi hununua sanduku, na sanduku halijulikani lina nini mpaka lifunguliwe. Pesa imevalishwa mavazi mawili kabla ya kutoka mfukoni. Maelezo yote yameandikwa kwa Kiingereza cha kisheria ambacho hata mimi nilikisoma mara mbili. Sisi tunalo neno la kulipia kitu usichokijua kwa tamaa ya kupata kikubwa: kamari. Mwaka 2018 tume inayosimamia michezo ya kamari nchini Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya namna hiyo katika baadhi ya michezo yanaingia katika sheria ya kamari. Mpwa wangu amefunzwa nyumbani na chuoni kuiogopa kamari. Hakuiogopa kwa sababu hakuna aliyemtajia jina lake.

Hapo ndipo ninapodai kwamba jambo hili ni letu sisi watu wa lugha, si la mafundi wa simu peke yao.

Tulitazame bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na lina msamiati wake kamili: kunamua, kutakata, mtaji, nyumba, kichwa, kimbi. Mtoto akikaa barazani akawatazama wazee, hujifunza mchezo na lugha yake kwa pamoja. Aliyeliwa hujua ameliwa wapi na kwa kete ipi, naye huweza kubisha. Mpwa wangu ameliwa shilingi 24,000 asijue kama ameliwa, na hakuwa na neno la kubishia.

Wapo watakaosema michezo hii ni upuuzi, na kwamba Kiswahili kina kazi bora zaidi. Siafiki. Nilikaa karibu na kijana nikamsikiliza akicheza na rafiki yake wa Mombasa na binamu yake aliyeko Maskati. "Wawili kushoto! Jifiche! Njoo uniinue!" Mtandao ulipokwama alilalamika kwamba simu "inaganda." Watoto watatu katika nchi tatu walikuwa wakiamrishana, wakitaniana na kupatana kwa Kiswahili, tena chepesi na cha haraka. Basi lugha imo mchezoni tayari. Haimo mahali pamoja tu, nako ni pale penye kitufe cha kulipa.

Wengine watasema istilahi zetu hazishiki. Tarakilishi ilibuniwa, watu wengi wakabaki na kompyuta. Ni kweli, lakini si kweli yote. Pesa za simu zilipoanza Kenya mwaka 2007, neno pesa lilikuwa ndani ya jina la huduma yenyewe, na leo muuza samaki asiyejua neno la Kiingereza anajua salio, wakala na makato. Kishikwambi nacho kilichekwa. Ikaja Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 Tanzania. Makarani wakapita nyumba kwa nyumba navyo mikononi, na neno likakaa. Neno hushika likikutana na mtu wakati anapolihitaji.

Wakati mwingine hatuhitaji hata kubuni, tunahitaji kusema kweli kwa maneno tuliyo nayo. Chukua kununua. Kwa Mswahili, nilichokinunua ni changu: nitakitumia, nitakiuza, nitakirithisha. Lakini mavazi na silaha zinazouzwa michezoni humilikiwa na kampuni. Seva zikizimwa, vimekwenda. Huko ni kukodi, tena kukodi bila kuambiwa siku ya kurudisha. Mwaka 2024 jimbo la California nchini Marekani lilitunga sheria ya kuwabana wauzaji wa bidhaa za kidijitali wanaotumia neno la kununua bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni tu. Wenzetu wamebishania kitenzi kimoja mpaka kikawa sheria. Sisi wenye kununua, kukodi, kupanga, kuazima na kukopa, kila kimoja na mpaka wake, tunangoja nini?

Rai yangu ni ndogo. Kwanza, tuwasikilize watoto kabla ya kuwasahihisha. Inaganda ni neno zuri kuliko mengi yaliyobuniwa mezani. Pili, BAKITA na BAKIZA watakapoandaa istilahi za michezo hii, waanze na maneno ya malipo, si ya silaha. Tatu, malenga wenzangu, tunaotunga juu ya mapenzi na siasa, tutunge na juu ya hili, maana watoto hukumbuka ubeti kuliko onyo.

Mimi nimekwisha kubadili namba yangu ya siri. Kisha nilimketisha mpwa wangu, nikamweleza sanduku lile huitwaje kwa lugha yetu. Alinyamaza kidogo, akauliza: "Sasa Mjomba, mbona hawakuandika hivyo?" Sikuwa na jibu, ila ubeti huu:

Michezo mipya iwapo, basi ije na majina,
Na bei yake ilipo, isemwe tunavyonena,
Mtoto asije hapo, kulipa asichoona,
Tuyaseme yaliyopo, Kiswahili kina kina.