Dakika Kumi za Daftarini

Juma lililopita tuliwapa wanafunzi wetu hesabu hii: kutoka uwanja wa ndege wa Goma mpaka ule wa Kavumu, karibu na Bukavu, ni kilometa 85 hivi kwa mstari ulionyoka. Ndege iendayo kilometa 510 kwa saa itatumia muda gani? Wote walijibu: dakika kumi. Mtoto mmoja tu aliinua mkono, akasema: «Mwalimu, mama yangu alitumia siku mbili.» Darasa likacheka. Sisi hatukucheka.

Dakika kumi ni za ndege iliyokwisha kufika juu. Katika safari fupi namna hii ndege haijamaliza kupanda, nayo yaanza kushuka. Tena yapaswa kuzunguka ipate kuielekea njia ya kutua. Ongeza kupima mizigo na kungoja kuitwa. Naye ashukaye Kavumu hajafika Bukavu: zimebaki kilometa 30 hivi za motokari.

Tena uwanja wenyewe si kitu cha milele. Mwezi wa Januari 2002 moto wa mlima Nyiragongo ulifunika sehemu ya njia ya ndege ya Goma, na kwa miaka mingi marubani walijibana katika kipande kilichosalia. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia mjini, uwanja ukafungwa. Februari vikafika Kavumu. Hapo kilometa 85 zilikuwa zile zile, lakini nani angezipita?

Kwa barabara ni kilometa 200 hivi, kwa Sake, Minova na Kalehe, maana lazima kulizunguka ziwa. Mvua ikinyesha, heri usiahidi saa ya kufika. Kwa ziwa, mashua ya mbio yatumia saa tatu hivi, nayo meli yaweza kulala njiani. Wengi wetu twapita huko, na huko ndiko kwenye kilio chetu. Mwaka 2024 vita vilikata barabara ya Minova. Watu na magunia yao wakasongamana katika vyombo. Tarehe 3 Oktoba chombo kimoja kilichojaa kupita kiasi kilipinduka karibu na bandari ya Kituku, watu wakiwa wamekwisha kuuona mji wa Goma. Wengi walikufa.

Kwa hiyo, baba na mama, mkimpeleka mgonjwa au mkiitwa msibani, msiulize kilometa. Ulizeni chombo kimebeba watu wangapi, na kama kimejaa, shukeni, hata nauli ikipotea. Tusemeje zaidi?

Kesho yake tuliiandika hesabu upya ubaoni, safari ikianzia mlangoni pa nyumba. Kengele ililia kabla ya yeyote kumaliza. Yule mtoto alikuwa bado auliza kama saa za kungoja bandarini zahesabiwa. Tulimjibu kwamba zahesabiwa.